Bibi Hakuzaliwa Bibi: Namna ya Kuandika Kumbukumbu ya Maisha Marefu

Kabla hujaandika neno lolote kuhusu bibi yako, chukua karatasi upige hesabu moja. Bibi yangu alifariki akiwa na umri wa miaka 93, na mimi wakati huo nilikuwa na miaka 31. Kwa hiyo siku niliyozaliwa yeye alikuwa ameshatimiza miaka 62. Kumbukumbu za kwanza za mtu mzima kwa kawaida huanzia umri wa miaka mitatu au minne, na hivyo mimi, niliyejihesabu kuwa mjukuu wa karibu mno, nilikuwa shahidi wa miaka 27 tu kati ya 93, yaani chini ya theluthi moja ya maisha yake, na hata hiyo niliiona kwa vipande vya likizo. Ile miaka mingine, ambamo alikuwa mtoto, msichana, mke, mama na jirani wa watu nisiowafahamu, sikuwa na langu ndani yake isipokuwa niliyosimuliwa.

Hesabu hiyo inaeleza kwa nini kumbukumbu nyingi za mabibi hufanana kama zimeandikwa na mtu mmoja. Alikuwa mpole, alikuwa mkarimu, alikuwa mchapakazi, alipenda watu wote. Maneno hayo si ya uongo, lakini yanaweza kusomwa kwenye maziko ya bibi yeyote na hakuna atakayestuka. Huandikwa na wajukuu, na wajukuu humkuta mtu akiwa ameshapoa, ameshamaliza ugomvi wake mwingi na dunia, na ana nafasi ya kuwa mpole. Anayetaka kukumbuka maisha marefu kwa urefu wake hana budi kumtafuta mtu aliyekuwepo kabla ya kuitwa bibi, na hiyo ndiyo kazi inayoelezwa hapa.

Ninazungumzia andiko la familia la kurasa kumi hadi ishirini, lenye picha chache, litakalosomwa na vitukuu na vilembwe ambao hawakumwona. Wasifu mfupi unaosomwa mbele ya watu unaweza kuchotwa humo baadaye kwa saa moja. Kinyume chake, yaani kuanza na wasifu mfupi na kuurefusha, sijaona kikifaulu, kwa sababu unachorefusha ni sifa.

Anza na umri wake, hata kama unadhani unaujua

Wazee wengi hawakuandikishwa walipozaliwa. Haki ya mtoto kuandikishwa mara tu baada ya kuzaliwa imetajwa katika ibara ya 7 ya Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1989, na mwaka huo mabibi tunaowazungumzia walikuwa watu wazima kitambo. Tarehe iliyomo katika kitambulisho inawezekana ilikadiriwa na karani aliyemtazama usoni na kuuliza maswali mawili. Ukikuta kwamba alizaliwa tarehe 1 Januari, au mwaka unaoishia na sifuri au tano, usiikatae tarehe hiyo, lakini usiitegemee pia. Wataalamu wa takwimu za watu wanaijua sana tabia hii ya umri kurundikana kwenye sifuri na tano, na wana kipimo cha kuipima katika matokeo ya sensa, kinachoitwa kipimo cha Whipple.

Kisha kuna suala la kalenda. Mwaka wa Hijria una siku 354 au 355, kwa hiyo miaka 33 ya Hijria ni kama miaka 32 ya kalenda ya kawaida, na mzee anayehesabu miaka 96 kwa Hijria ana miaka 93 tu kwa hesabu ya serikali. Kalenda ya Ethiopia iko nyuma kwa miaka saba au minane. Nchini Korea Kusini, hadi sheria ilipobadilishwa Juni 2023, ilikuwa kawaida kumhesabu mtoto kuwa na mwaka mmoja siku anayozaliwa na kumwongezea mwingine kila mwaka mpya unapoingia. Kwa hiyo watoto wawili wa bibi mmoja wakibishana kuhusu umri wake kwa tofauti ya miaka mitatu, huenda wote wawili wako sahihi, ila kila mmoja alisikia hesabu tofauti.

Njia ninayoiamini ni kuacha kuuliza mwaka na kuuliza mfuatano. Watu husahau tarakimu, lakini ni nadra kusahau kipi kilitangulia kipi. Vita Kuu ya Pili ilipomalizika mwaka 1945, alikuwa ameshaanza shule? Alipoolewa, mdogo wake wa mwisho alikuwa anatembea au anatambaa? Binadamu walipokanyaga mwezini Julai 1969 alikuwa na watoto wangapi, na yupi alikuwa mchanga? Ukipata majibu kumi ya namna hii unaweza kuyapanga kama ngazi, na tarehe ya kuzaliwa itabanwa katikati ya vidato viwili. Kupatwa kwa jua ni zawadi kubwa kwa kazi hii, kwa sababu hesabu zake ni za uhakika: shirika la anga la Marekani, NASA, limechapisha orodha na ramani za kupatwa kwa jua kwa muda wa miaka elfu tano, na mzee anayesema kuwa mchana uligeuka usiku mwaka alioanza kung'oka meno ya utotoni amekupa karibu tarehe kamili bila kujua.

Halafu pima matokeo kwa akili ya kawaida. Kama kitambulisho kinasema alizaliwa 1938 na mtoto wake wa kwanza alizaliwa 1949, basi mojawapo ya tarehe hizo si kweli. Jeanne Calment wa Ufaransa, aliyezaliwa Februari 1875 na kufariki Agosti 1997 akiwa na miaka 122 na siku 164, ndiye mtu aliyeishi muda mrefu kuliko wote ambao umri wao umethibitishwa, na waliouthibitisha hawakutosheka na cheti cha kuzaliwa na cha kifo. Walimfuata katika orodha za sensa za miaka mbalimbali, mwanamke yuleyule akizeeka ukurasa baada ya ukurasa. Wewe hutahitaji ukali huo. Ukishindwa kupata mwaka mmoja, andika kwamba alizaliwa kati ya 1930 na 1933, na useme ni kwa nini. Msomaji ataiamini zaidi sentensi hiyo kuliko tarehe kamili iliyobuniwa ili jiwe la kaburi lipendeze.

Mashahidi

Tengeneza orodha ya watu waliomfahamu na uipange kwa hatari ya kuwapoteza. Rika lake ndio wa kwanza: ndugu zake waliobaki, rafiki zake wa usichana, watu aliofanya nao kazi. Hawa wakiondoka hakuna atakayewarithi katika ushahidi huo, ilhali shangazi yako mwenye miaka 60 anaweza kungoja hadi mwezi ujao. Kosa ninaloliona kila mara ni la familia kuanza na watu walio karibu, wenye simu zinazopatikana, na kufika kwa wazee wakati wameshachelewa.

Usimsahau wifi yake, kama yupo. Dada wa mume alimwona akiingia katika nyumba ya ukweni kama mgeni, alimpima kwa jicho lisilo na huruma ya mtoto wala staha ya mjukuu, na mara nyingi anakumbuka mambo ambayo hakuna mwingine aliyethubutu kuyatazama. Kwa sababu hiyohiyo, wake za wanawe wana ushahidi ambao wanawe hawana.

Watoto wake nao si kundi moja. Kifungua mimba alilelewa na mama wa miaka 20 aliyekuwa anajifunza. Kitinda mimba alilelewa na mwanamke wa miaka 42 aliyekuwa ameshachoka, ameshajua, na pengine ana nafuu ya fedha. Wakiketi pamoja watashangaa kwamba mmoja anamkumbuka mama mkali na mwingine anamkumbuka mama aliyekuwa akicheka hovyo. Wote wanasema kweli. Andika mama wawili na useme ni miaka ipi.

Hata hivyo usiwaketishe pamoja mwanzoni. Waombe kwanza waandike, au wakusimulie, kila mmoja peke yake, kabla hawajakutana na kupatana. Chombo cha angani Challenger kilipolipuka Januari 1986, mwanasaikolojia Ulric Neisser na mwenzake Nicole Harsch waliwaomba wanafunzi waandike, siku iliyofuata, walikuwa wapi na walisikiaje habari hiyo. Waliporudi kuwauliza zaidi ya miaka miwili baadaye, wengi walitoa maelezo tofauti na yale ya kwanza, tena kwa uhakika mkubwa, na wapo walioonyeshwa mwandiko wao wenyewe wakaendelea kushikilia kumbukumbu mpya. Kama hilo huwapata vijana kwa jambo la juzi, fikiria familia ambayo imekuwa ikisimulia tukio moja kwa miaka 50. Kaka mkubwa akianza kuzungumza, wadogo hurekebisha kumbukumbu zao zifuate yake kimyakimya, na sauti tano hugeuka moja.

Kuna jambo jingine la kuangalia katika masimulizi yaliyozoeleka. Mwingereza Frederic Bartlett alionyesha mwaka 1932 kwamba hadithi ikisimuliwa na kusimuliwa tena hufupishwa, na yale mambo yake yasiyo ya kawaida ama hudondoka ama hugeuzwa yafanane na aliyoyazoea msimuliaji. Kwa hiyo ukisikia jambo la ajabu, lisilokaa vizuri katika sura ya bibi unayemjua, lishike hapohapo kabla familia haijalinyoosha.

Namna ya kuuliza

Swali baya kuliko yote ni lile la kwanza kukujia: alikuwa mtu wa namna gani? Swali hilo huomba sifa, nalo hupata sifa. Mdogo wake bibi yangu nilipomwuliza hivyo alijibu kwamba dada yake alikuwa mtu mzuri sana, kisha akanyamaza, na kimya kile kilinitosha kujua kuwa nimekosea. Nikamwuliza walikuwa wakifikaje shuleni.

"Kwa baiskeli, mjukuu wangu," akasema, akaanza kucheka. "Yeye anaendesha, mimi nimekaa nyuma nimefumba macho."

Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwona bibi akigusa baiskeli. Tulichokijua ni kwamba alikuwa akitukemea vikali tukiacha baiskeli nje mvua ikinyesha, na sote tulidhani ni mambo ya unadhifu.

Uliza, basi, kuhusu vitu, njia, kazi na mwili. Alilala chumba kipi na nani? Fedha ya kwanza aliyoipata kwa jasho lake aliifanyia nini? Alikuwa anaogopa nini? Alikuwa anaimba kazini au anafanya kazi kimya? Nani alimfundisha kushona, kulima, kusoma, au lile alilokuwa fundi wake? Alikuwa na nywele za namna gani akiwa na miaka 18? Alitembea haraka? Maswali kama haya yana majibu, na kila jibu huvuta jingine, kwa sababu kumbukumbu hushikamana na mahali na vitu kuliko na tabia.

Umri wa shahidi usikutie shaka kupita kiasi. Tangu miaka ya 1980 watafiti wa kumbukumbu wameeleza kwamba watu waliovuka umri wa kati hukumbuka kwa wingi zaidi mambo ya kati ya miaka kama 10 na 30 ya maisha yao kuliko vipindi vingine. Mzee anayesahau ulichomwambia asubuhi anaweza kukupa jina la mwalimu wake wa darasa la pili. Kwa bahati nzuri hicho ndicho kipindi cha bibi ambacho wajukuu hawakukiona, na shahidi wa rika lake amekibeba kwa ukamilifu.

Ikiwa bibi mwenyewe bado yu hai, basi umebahatika, na maelezo yote ya juu yanabaki kuwa ya ziada. Robert Butler, daktari wa magonjwa ya akili wa Marekani, aliandika mwaka 1963 kwamba mzee kurudi nyuma na kuyapitia maisha yake ni kazi ya kawaida ya uzee, wakati ambapo wengi waliichukulia kuwa dalili ya akili kuchakaa. Keti naye kwa muda mfupi, nusu saa au zaidi kidogo, katika saa ambazo ana nguvu, na urudi siku nyingine. Mwombe ruhusa ya kumrekodi na umwonyeshe simu ilipo. Usiifiche chini ya mto kama mpelelezi. Akirudia kisa ulichokisikia mara kumi, mwache akirudie, kwani mara ya kumi na moja anaweza kuongeza jina ambalo hakuwahi kulitaja. Na akisema hataki kuzungumzia jambo fulani, andika tarehe na uachane nalo.

Picha, sauti na vitu

Beba picha za zamani unapokwenda kwa mashahidi, kwa sababu picha moja hufungua midomo kuliko maswali ishirini. Igeuze kila picha uangalie mgongo wake: mihuri ya studio, namba, na mwandiko wa mtu. Baadhi ya maabara za kusafishia picha zilikuwa zikichapa mwezi na mwaka pembezoni, ingawa huo ni mwezi wa kusafishwa kwa picha, na filamu inaweza kuwa ilikaa ndani ya kamera mwaka mzima. Majina uyaandike mgongoni kwa penseli laini, kwa mkono mwepesi, karibu na ukingo. Kalamu ya wino huacha alama inayojitokeza mbele na wino wake unaweza kuvuja kwenye picha iliyo jirani.

Albamu zenye kurasa za gundi na plastiki juu yake zimeharibu picha nyingi, lakini ukibandua kwa nguvu utaharibu zaidi. Piga picha ukurasa mzima kwanza, ukiwa na mpangilio alioupanga yeye, kwa kuwa mpangilio huo nao ni ushahidi: aliyemweka kando ya nani, na nafasi ya nani iliyoachwa wazi. Ukitumia skana, nukta 300 kwa inchi zinatosha kwa picha ya kawaida. Kwa picha ndogo za kitambulisho tumia 600.

Sauti yake ndiyo watu huipoteza kwa uzembe. Jumbe za sauti alizowatumia wajukuu kwa WhatsApp hupotea simu inapobadilishwa, na hakuna anayegundua hadi siku anayotaka kuisikia. Zitoe humo leo, zipe majina yenye tarehe, na uzihifadhi pamoja na rekodi nyingine katika sehemu tatu, moja yao ikiwa nje ya nyumba yako. Hata ujumbe wa sekunde tisa unaosema tu kwamba amekupigia hukupokea una pumzi yake, na namna yake ya kuita jina lako.

Vitu vyake usivipige picha kama vya makumbusho. Andika alivyokuwa akivitumia, hasa pale alipovitumia kinyume na kazi yake. Mkasi ulionolewa hadi ukawa mwembamba unaeleza miaka ya kazi kuliko neno "mchapakazi".

Kuandika

Usianze na kuzaliwa kwake. Anza na siku moja unayoweza kuieleza kwa ukamilifu, ikiwezekana siku ambayo hukuwepo, kisha urudi mwanzo msomaji akiwa ameshamwona mtu. Kutoka katika miaka 90 chagua vipindi vitano au sita na uviruhusu vijae. Miaka mingine ipite kwa aya moja. Maisha marefu yakigawanywa sawasawa, ukurasa mmoja kwa kila muongo, hugeuka kuwa orodha ya kuhamia na kuzaa.

Kiswahili kina mitego yake katika kazi hii. Wa kwanza ni kwamba kiambishi cha nafsi hakitofautishi mwanamume na mwanamke, wala mtu aliyetajwa kwanza na aliyetajwa baadaye. "Alimwambia kuwa hatarudi" inaeleweka kwako uliyesikia kisa, lakini kitukuu hatajua kama ni bibi aliyemwambia babu, ni babu aliyemwambia bibi, au ni dada yake aliyemwambia mama yao, wala nani kati yao hatarudi. Rudia majina hadi uone kama yanakera, msomaji hatakereka.

Mtego wa pili ni neno "marehemu". Katika tangazo la kifo lina mahali pake, lakini nimesoma wasifu uliosema kwamba marehemu alianza darasa la kwanza akiwa na miaka minane, na nikamwona mtoto wa miaka minane ameketi darasani akiwa maiti. Mpe jina alilokuwa nalo wakati huo. Katika kurasa za utoto mwite jina lake la utotoni, lile walilomwita ndugu zake. Alipopata mtoto watu walianza kumwita mama wa fulani, na wengine hawakujua tena jina lake halisi. Andika ni lini badiliko hilo lilitokea na lilimpendeza au la. Neno "bibi" liingie pale tu mjukuu wa kwanza anapozaliwa. Utashangaa jinsi mpango huu mdogo wa majina unavyolinyoosha andiko zima, kwa sababu kila jina huja na watu wake.

Mtego wa tatu ni kiambishi "hu-", ambacho hakina wakati. "Huamka alfajiri" inasomeka kana kwamba kesho ataamka tena. Katika wiki za mwanzo wengi wetu huandika hivyo bila kukusudia, na sioni kosa. Lakini kwa andiko la kudumu "alikuwa akiamka alfajiri" ni salama zaidi. Pale unaposimulia tukio, tumia "-ka-" kwa uhuru: akachukua, akafunga, akaondoka. Ndiyo mwendo wa masimulizi katika lugha yetu, na humzuia mwandishi kusimama kila hatua kutoa sifa.

Maneno yake mwenyewe yaandike alivyoyatamka, kwa lafudhi na lahaja yake, na kama alichanganya lugha mbili katika sentensi moja, changanya. Usimsahihishie sarufi. Hata hivyo weka alama za kunukuu pale tu ambapo una uhakika wa maneno, au ambapo shahidi anayekumbuka ametajwa. Kwa mengine, eleza maana tu.

Mambo magumu

Maisha ya miaka 90 yana vifo vingi ndani yake. Yana watoto waliozikwa, ndoa iliyovunjika au iliyopaswa kuvunjika, ndugu waliokosana na kutopatana. Familia nyingi huhesabu watoto waliokua tu. Uliza kwa upole alizaa mara ngapi, na watoto waliokufa wachanga uwataje kwa majina kama walipewa majina, katika nafasi zao kati ya ndugu zao, kwa sababu yeye hakuacha kuwahesabu.

Kuhusu siri, kipimo changu ni kuuliza jambo hili ni la nani. Kama lilikuwa lake na alilisema hadharani, ni la kuandikwa. Kama lilikuwa lake na alilificha, nani amekupa ruhusa? Na kama kwa kulifichua utamgusa aliye hai, kwa mfano mtoto ambaye hajui baba yake halisi, basi si la andiko hili hata kidogo, liwe tamu kiasi gani. Ugomvi, kwa upande mwingine, unaweza kuelezwa bila kutoa hukumu: walikosana mwaka fulani, hawakuzungumza kwa miaka sita, walipatana kwenye msiba wa mama yao. Sentensi hiyo moja inamwonyesha bibi mwenye hasira na kiburi chake, na hatapungukiwa heshima kwa hilo. Bibi asiye na kosa lolote hana mwili pia.

Ugonjwa wa mwisho uandike kwa ufupi. Wauguzaji, na Mungu awalipe, hutoka katika miaka hiyo wakiwa wamejaa picha za kitanda, dawa na usahaulifu, na wakipewa kalamu hizo ndizo zinazotoka kwanza. Kama aliugua miaka minne kati ya 90, hiyo ni chini ya sehemu moja ya ishirini ya maisha yake, nayo haistahili nusu ya kurasa. Hasa kwa bibi aliyepoteza kumbukumbu, usiruhusu mtu aliyeuliza "wewe ni nani?" amfute yule aliyekuwa akijua siku za kuzaliwa za watu wote nyumbani. Andika kipindi hicho kwa ukweli, mtaje aliyemuuguza kwa jina, na uendelee.

Nakala ya kwanza

Ukimaliza, isome kwa sauti, peke yako, ukiwa na saa. Sentensi inayokukata pumzi igawanye, na ile inayokuzuia kwa machozi iweke alama, kwa kuwa ukija kuisoma mbele ya watu utahitaji mtu wa kukupokea hapo. Kwa wasifu wa kusomwa hadharani chota kisa kimoja au viwili vyenye mwanzo na mwisho, uongeze tarehe na majina ya lazima, na uache mengine yote katika andiko refu.

Kisha chapa nakala chache na uzipeleke kwa mashahidi kabla ya mtu mwingine yeyote. Andika kwenye ukurasa wa kwanza kwamba ni nakala ya kwanza, uweke tarehe, jina lako, na majina ya waliokusimulia. Acha pambizo pana na nafasi kati ya mistari. Mdogo wake bibi yangu alisomewa kurasa zote kumi na nne bila kusema neno, na tulipofika mwisho akaomba turudi kwenye baiskeli. Haikuwa nyeusi, akasema. Ilikuwa ya kijani, na kengele yake ilikuwa imevunjika, ndiyo maana dada yake alikuwa akipiga kelele njia nzima ili watu wampishe.

Nikaandika pembeni.